Saruji Niliyoificha Kwenye Mnara wa Mskoti

Papa Makame,

Nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, chini ya mnara, upande wa magharibi. Ni saa ya chakula. Wenzangu wamekwenda spaza, kile kiduka cha mtaani, kununua mkate, na mimi nimewaambia sina njaa. Ni uongo, ila leo nimeona heri njaa kuliko kukaa nao wakinitazama. Karatasi hizi nimezichana nyuma ya daftari la shule la mwanangu Neema. Najitahidi kuandika Kiswahili chako, maana hiki chetu cha Lubumbashi ulikuwa unasema tumekiokota njiani tukakipangusa kwa kiganja.

Niseme moja kwa moja kabla moyo haujarudi nyuma. Wiki tatu zilizopita, mezani, mbele ya watu sita, walisema wewe ulikuwa mwongo. Walisema Mzee Makame alitia saruji kwenye mnara huku akiapa kwamba ni chokaa tupu. Mimi nilikuwepo, kiti cha tatu kutoka mlangoni, mikono nimeiweka mapajani kama mtoto wa shule ya Jumapili. Nilisikia kila neno, na nikanyamaza.

Ile saruji ni yangu. Niliitia mimi, wewe ukiwa hospitali.

Nimekwisha liandika. Ngoja nipumue.

Wewe hukupenda visingizio, najua. Lakini nivumilie nianzie mbali kidogo, kwa sababu jambo hili halikuanza na mfuko wa saruji. Lilianza na mimi kutaka kuonekana fundi.

Nilikuja hapa kufagia, unakumbuka. Wewe ulikuwa mlinzi wa geti, miaka minane unalinda nyumba isiyo na paa. Watu wa mtaa huu wa Kensington walipita na mbwa wao wakisema jumba lina mashetani, na wewe ukaniambia shetani gani huyo anayeng'oa mabomba na milango akaenda kuviuza. Siku ya kwanza nilipokuita Papa ulinijibu kwamba papa ni samaki, na kwenu anapikwa mchuzi. Baada ya wiki ulikuwa unaitika. Baada ya mwezi ukaanza na wewe kusema "njo vile", ile "ndivyo" yetu ya Lubumbashi, unaivuta mno, ili unicheke.

Kisha akaja Lerato, msanifu wa majengo aliyepewa kazi ya kulifufua jumba, na mkandarasi wake, na gari limejaa mifuko ya saruji. Hukuwa na cheo cha kuzungumza. Ulitoka kibandani na kofia yako ya viua, sare ya ulinzi imekupwaya mabegani, ukamwambia, "Mama, hiyo itayaua mawe." Lerato alitabasamu vile watu wanavyomtabasamia mlinzi. Halafu akauliza umejuaje. Ukamweleza kwamba kwenu Unguja ulilelewa juu ya majukwaa, ami yako alikuwa fundi wa chokaa, na nyumba za mawe ulizozifufua ukiwa kijana bado zina watu ndani. Ulimweleza ukuta unavyopumua, maji yanavyoingia na kutoka, na kwamba saruji ni sawa na kumfunga mtu pua. Alikuwa na makaratasi kutoka Uskoti yanayosema maneno hayo hayo, ila hakuwa amempata mtu yeyote Johannesburg anayeweza kuyafanya. Mwezi uliofuata geti likapata mlinzi mwingine, na wewe ukawa fundi wa jumba.

Lerato ndiye aliyetusimulia habari za mwenye nyumba, siku ile ya mvua tuliyojificha kwenye ukumbi mkubwa, chini ya turubai. Kwamba Mskoti huyo alikuja enzi za dhahabu akiwa hana kitu, mtoto wa wapangaji waliofukuzwa kwenye ardhi ya bwana mmoja mwenye kasri. Kasri la yule bwana likaja kubomoka, na huyu kijana alipotajirika akajenga lingine mfano wake hapa, juu ya kilima, kubwa kuliko lile: mnara wa duara wenye paa la kuchongoka, kuta zenye ngazi ngazi kichwani, madirisha membamba ya kupenyeza mshale tu. Kisha bustani za ngazi, zizi la farasi, nyumba ya geti. Baada yake wakaja wapangaji, ikawa bweni, ikaungua upande mmoja, ikatelekezwa. Mimi nilikasirika, nikasema mtu anakimbia baridi ya kwao, anafika kwenye jua, halafu anajijengea baridi upya. Wewe ukanitazama, ukasema, "Na wewe chumbani kwako Malvern unasonga nini kila siku kama si kwenu?" Na kweli, mwiko wa bukari, ule ugali wetu, nilikuja nao kutoka nyumbani ndani ya nguo.

Nimeutaja ule mwiko kwa sababu ndio ulionipoteza.

Ulinichukua kuwa mwanafunzi wako wakati wanaume wawili waliokuja kujifunza walipokimbia. Walitaka kujenga, wewe ukawaweka miezi mitatu kukoroga shimo la chokaa. Mimi nilikaa. Ulinifundisha kuitambua iliyoiva kwa vidole viwili, inavyoteleza kama maziwa mgando. Ulinifundisha kuikanda na mchanga kwa nguvu bila kuongeza maji, na ukasema hujaona mtu anayekanda kama mimi. Nikakuambia ni bukari hiyo, Papa, mikono yangu imeanza kusonga nikiwa na miaka saba. Ulicheka mpaka ukakohoa. Sasa najua kikohozi kile tulipaswa kukisikiliza.

Mwezi wa sita kikakulaza. Kabla hujaondoka ulinishika mkono pale getini, ukasema kauli moja tu ya kazi: mnara usiguswe mpaka baridi iishe. Kwenu pwani hewa ina unyevu, chokaa inakauka polepole yenyewe. Hapa juu wakati wa baridi hewa ni kavu kama mfupa, na alfajiri barafu inaganda kwenye ndoo. Chokaa mbichi ikipigwa na barafu inakufa. Ulikuwa umejifunza hilo hapa hapa, kwa kuharibu ukuta wako wa kwanza wa bustani, na hukuona haya kunionyesha ukuta huo. Laiti ningekuwa na nusu ya moyo wako.

Kwa nini basi niliugusa? Wageni wa wafadhili walikuwa wanakuja mwezi wa nane. Lerato hakuniamuru, nisimsingizie. Alisema tu, kwa sauti ya kuchoka, kwamba ingependeza mnara uonekane umeanza. Na mimi nikamjibu haraka, "Naweza." Nilitaka aseme kwamba yule mwanamke wa Kikongo aliyekuja na ufagio amepandisha mnara peke yake. Nilitaka wewe urudi, uinue macho, uone.

Wiki ya kwanza nilifanya sawasawa, magunia ya maji ya kufunikia ukuta, kila kitu. Asubuhi chokaa ilikuwa inamong'onyoka kama biskuti. Nikakaa juu ya jukwaa nikawaza. Na nikawaza kwa akili ya jikoni. Kwetu Lubumbashi, unga wa muhogo ukiwa peke yake unavutika, hauna mgongo. Unga wa mahindi ukiwa peke yake unakatika. Kwa hiyo tunachanganya, na bukari inasimama. Nikajiambia chokaa ni muhogo, haina mgongo, niipe mahindi kidogo. Mfuko wa saruji ulikuwepo, ule wa kujengea choo cha wafanyakazi. Nilichukua kopo moja. Ikashika vizuri, Papa. Ikashika siku hiyo hiyo. Basi nikachukua makopo mawili, kisha matatu. Nikajaza viungo vyote vya mawe upande huu wa magharibi, kuanzia dirisha la pili hadi juu kabisa. Na kwa kuwa nilijua rangi ya kijivu itanisaliti, nikapaka juu yake chokaa nyembamba, nyeupe, safi.

Kwenye kuchanganya nilikosea tu. Kwenye kupaka nilikuwa nadanganya. Nimejaribu kuyaweka mambo haya mawili sahani moja na hayakubali.

Wageni wakaja, wakapiga picha, wakapiga makofi. Wewe ukarudi mwezi wa nane, umekonda, koti linakuzidi. Ulisimama hapa hapa nilipo sasa ukautazama mnara muda mrefu. Ukaniuliza nimeufanyaje katika baridi ile. Nikasema nimetumia chokaa ya shimo la kwanza, ile ya zamani, na magunia mengi. Hukunikaripia. Ukasema, "Ukuta hauna siri, mwanangu. Unasubiri mvua tu." Nikaichukua kama maneno ya ufundi, nikaitikia, nikaenda kuosha ndoo.

Daktari alikukataza ngazi. Lerato alikununulia kiti ukae juani utoe maelekezo. Mimi nilikuwa ndani ya ukumbi napiga lipu, na kila ukipita adhuhuri nilisikia unasema unakwenda kuangalia njiwa wako wa mnarani. Nilidhani unakwenda kusali mahali penye utulivu.

Hapana. Hili nalo niliseme vizuri. Nilidhani hivyo siku mbili tatu. Halafu nikaona vumbi kwenye kofia yako, na vumbi lile lilikuwa la kijivu. Chokaa haina vumbi la kijivu. Nililiona, nikainama kwenye lipu yangu, na sikuuliza. Ulikuwa ukishuka unahema, unashika ukuta, unakaa kwanza kabla ya kutawadha. Nilikuletea maji. Nilikuletea maji, Papa, na sikuuliza.

Wiki ya pili ya mwezi wa tisa ulifariki chumbani kwako Malvern, asubuhi, baada ya chai. Wanaume walikupeleka makaburini siku ile ile. Mimi nilibaki na akina mama wa Kitanzania nikimenya vitunguu, nikifurahi kwamba vitunguu vinaniruhusu kulia. Jirani yako Saidi aliporudi alisimulia kwamba imamu alisimama akauliza kama kuna mtu mwenye haki yake kwa marehemu, ajitokeze au asamehe. Hakuna aliyejitokeza. Saidi akasema kwa fahari, mtu msafi yule. Nikajikata kidole. Maana imamu anauliza nani anamdai marehemu, lakini hakuna anayegeuza swali akauliza marehemu anamdai nani. Kama wangeuliza, nadhani ningenyamaza vilevile.

Mvua zikaanza. Unazijua za hapa, hazipigi hodi, zinakuja na mawe na radi. Mwezi wa kumi na moja nikaona jasho ndani ya mnara, ukutani, mahali palipokuwa pakavu tangu nifike. Mwezi wa kwanza yale mawe laini ya manjano yanayozunguka dirisha la pili yakaanza kumenyuka, ganda kwa ganda. Maji yalikuwa yanaingia juu, hayapati pa kutokea, yanatafuta njia kwenye jiwe lenyewe. Pua imefungwa. Kila asubuhi niliwahi kabla ya watu nifagie yale maganda. Nilikuwa nimerudi kwenye ufagio wangu.

Kisha Jumanne moja kipande kikubwa kama kichwa cha mtu kikaanguka kwenye njia. Jumamosi watoto wa kwaya hupita njia hiyo, na Neema wangu yumo. Hakikumgusa mtu. Lakini usingizi wangu ulikwisha siku hiyo.

Lerato akamleta mpimaji. Akatoboa juu kidogo ya dirisha la pili, akatoa unga, akautazama, akasema saruji. Ndipo tukaitwa mezani. Ningefurahi kama Lerato angekuwa mkali. Alikuwa na huzuni. Alisema alikuamini kuliko vyeti vyote, na ulimdanganya machoni. Akasema ripoti itakwenda kwa bodi na kwa wale wataalamu wa Uskoti walioleta yale makaratasi, na jina lako litakuwemo kama fundi aliyeharibu mnara. Kibao cha getini chenye jina lako, ambacho kilikuwa kimekwisha chongwa, hakitawekwa. Na barua ya kumwalika mwanao Haji kutoka Unguja aje kumalizia kazi ya baba yake, hiyo ameisimamisha, kwa sababu kama ndivyo alivyofundishwa, basi asije. Ripoti ingetiwa saini Ijumaa ya wiki iliyofuata.

Nilikuwa na siku kumi. Unataka kujua nilizitumiaje? Nilihesabu nitakachopoteza. Kibali changu cha kuishi hapa kinasimama juu ya barua ya kazi hii. Shule ya Neema vilevile. Nikajiambia maiti hafukuzwi kazi. Niliwaza hivyo hasa, kwa maneno hayo, nikiwa nimesimama kwenye robot ya Jules Street, zile taa za barabarani, na ikawa kijani na sikuvuka. Neema alinishika mkono akaniuliza kwa Kiingereza chake kama naumwa. Nikasema hapana. Nikajaribu kusali na sala yenyewe ikawa inanitazama.

Mkeo Bi Zuhura akapiga simu kutoka Unguja katikati ya siku hizo. Alitaka kujua kibao kitawekwa lini ili wajukuu waone picha. Nikamwambia bado kidogo, mama. Bado kidogo.

Alhamisi, siku moja kabla ya saini, nilipanda. Tangu ufe hakuna aliyefika jukwaa la juu kabisa, kazi ya paa ilikuwa imeahirishwa. Nilipanda nikijua ninachokwenda kukiona, ndiyo maana nilichelewa miezi mitano. Nyuma ya gunia lililokauka na kuwa gumu nikakuta viungo vimechimbuliwa kwa tindo, kimoja kimoja, bila kulikwaruza jiwe hata moja. Vimejazwa chokaa. Nikaigusa, ngumu, nyeupe, hai. Mawe ya pale hayakuwa yamemenyuka kabisa. Eneo lenyewe ni urefu wa mikono yangu miwili ikinyooshwa. Upande wa mwisho kulikuwa na kiungo ulichokichimbua na hukuwahi kukijaza. Jiwe pale lina alama ya kiganja cha chokaa, ulipokuwa unajishikilia.

Ulikuwa unaiondoa saruji yangu, Papa. Ukiwa mgonjwa, umekatazwa ngazi. Kila siku unapanda hatua arobaini, unatoa uongo wangu kidogo, unashuka, unakunywa maji niliyokuletea, na unanipa nafasi ya kusema. Siku zote zile ulikuwa unanisubiri. Nililia pale juu kwa sauti, na njiwa wako wakaruka.

Ijumaa nilisimama. Nilikuwa nimeandaa maneno mazuri na yote yakapotea. Nikasema, "Saruji niliiweka mimi. Papa Makame alikuwa hospitali. Aliporudi alianza kuitoa, na mimi nilijua." Lerato akauliza kwa nini. Nikamweleza habari za muhogo na mahindi, nikijisikia mjinga kuliko siku yoyote ya maisha yangu. Hakucheka. Akaomba tupande wote wawili. Alipoona pale juu aliweka kiganja chake karibu na alama yako, hakuigusa, akakaa chini kwenye ubao na suruali yake nzuri.

Ripoti imeandikwa upya. Jina lako ni safi, limeandikwa mahali palipostahili. Kibao kimewekwa getini juzi, pembeni ya kile kibanda chako, na nimekifuta vumbi mwenyewe. Barua ya Haji imetumwa, atafika mwezi ujao. Mimi sikufukuzwa, kwa sababu kuchimbua kazi ile ni kwa mkono tu, mashine italipasua jiwe, na Lerato alisema asiye na sababu ya kuvumilia hawezi kuimaliza. Lakini mwiko wa kazi nimenyang'anywa. Nimebakiziwa tindo na nyundo. Sitaweka chokaa kwenye ukuta wowote wa nyumba hii mpaka mwanao aseme. Wenzangu wanaongea nami kwa adabu mpya, ile adabu ya kumweka mtu mbali, na sina wa kumlaumu. Neema nilimwambia mwenyewe. Alisikiliza, akaingia kuoga, akakaa humo sana.

Na jana nilimpigia Bi Zuhura.

Nilimwambia yote. Nilimwambia kwa Kiswahili changu kibovu, maana chako kilinikimbia. Nilimwambia, "Mama, ni mimi njo niliharibu ukuta wa papa. Na yeye alipanda kuutengeneza, na daktari alikuwa amemkataza." Nikamwomba radhi. Nilisikia mtu kwao anatwanga kitu, na kuku, na yeye anavyopumua. Nikadhani atakata simu. Nilitamani akate.

Kisha akauliza swali moja. "Alipokuwa akipanda, alikuwa na nani?"

Nikasema, "Peke yake, mama."

Akasema, "Haya," kwa sauti ndogo. Radhi hakunipa. Aliniambia nimpe muda, na kwamba jina la mumewe nimelirudisha na hilo amelisikia, lakini hilo lingine bado limemkaa kifuani, na hataki kunidanganya. Akaniaga vizuri. Ni mkeo kweli yule, hasemi asichokuwa nacho.

Sijui kama ni zile ngazi zilizokuchukua. Lerato anasema kifua chako kilikuwa kimekwisha tangu hospitali. Huenda. Sitalijua jibu mpaka siku yangu, na nimeamua nisilitafute kwa watu wanaonipenda.

Wenzangu wanarudi, nawasikia getini. Lazima nimalize.

Lala, Papa Makame. Lala upande wako wa kulia kama walivyokulaza, na Mungu wako na wangu, ambaye ulisema ni mmoja tu ila mafundi wake ni wengi, akufungulie hewa upumue. Sikuombi kitu. Nakuahidi kimoja. Haji akifika nitampokea mwenyewe, na kabla hajatua begi atayasikia yote kutoka kinywani mwangu. Akinifukuza nitakwenda. Asiponifukuza, kila siku atakayopanda mnara huu nitakuwa ngazi moja nyuma yake, nimebeba ndoo. Mwanao hatapanda peke yake.

Mwanafunzi wako,
Mama Neema